Mwaka Macho ya Mbwa Yalipoingia Ukungu

Masanja alinipigia simu asubuhi nikiwa kwenye josho, huku Tinde, mikono imelowa dawa ya kupe, nikamjibu kwa ukali apige baadaye. Akasema, "Dada, baadaye hakuna. Bibi Minza ametutoka." Nikakaa chini palepale kwenye ukuta wa josho, ng'ombe wa watu wakapita bila mtu wa kuwasimamia. Ninakaribia miaka hamsini, nimezika wengi, na si mtu wa kulia mbele ya wafugaji, maana mfugaji akishakuona unalia hakuamini tena ukimwambia ndama wake hatapona. Siku ile nililia. Walidhani nimefiwa na mama, na mimi sikuwasahihisha. Nilikaa na yule mama mwaka mmoja tu wa ujana wangu, katika kijiji kimoja nyuma ya Ushirombo ambacho jina lake sitalitaja kwa sababu wenyewe bado wapo na wanajijua. Mwaka mmoja tu, lakini mpaka leo siwezi kumpita mbwa mwenye ukungu machoni bila kusimama.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha mifugo, na cheti changu nimekikunja vizuri chini ya nguo, nikapangiwa kumsaidia daktari mmoja wa wanyama aliyekuja kuchunguza damu za mbwa. Siku ya kwanza wazee wa kijiji walimuuliza Daktari, "Na bwana mifugo yuko wapi?" Akaninyooshea kidole. "Huyu ni binti." "Ndiye bwana mifugo." Basi, jina likanishika. Watoto walikuwa wananiinamia njiani, "Shikamoo Bwana Mifugo," na mimi na gauni langu la maua naitikia marahaba. Nilipewa chumba kwa Bibi Minza. Alikuwa hajafika hata sitini, lakini kwa macho yangu ya wakati ule alikuwa kikongwe. Chumba chenyewe kilikuwa ghala zaidi kuliko chumba: magunia ya mpunga mpaka darini, kitanda cha kamba, kuku aliyeatamia chini ya kitanda na ambaye hakukubali hata siku moja kwamba mimi ndiye mwenye chumba. Dirishani nikaweka meza, juu yake hadubini, na kando yake mashine ndogo ya kuzungusha damu kwa mkono. Bibi aliingia, akanitazama ninavyozungusha mpini, akauliza, "Unasaga damu, mwanangu? Itatoka unga gani?" Halafu akaniletea bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyopikwa na karanga, akakaa juu ya gunia mpaka nikamaliza. Sijawahi kula michembe mitamu vile tena, na nimeitafuta.

Alikuwa na mbwa watatu. Wa kwanza aliitwa Mtachoka, wa pili Semeni, wa tatu Mungu Yupo. Asiyejua mila za kwetu atacheka tu. Kwetu mtu hamwiti mbwa jina la bure. Mbwa ndiye barua unayomtumia jirani bila kumtukana. Bibi alikuwa amegombana na Mama Masanja, jirani yake wa upande wa magharibi, kwa sababu ya tuta la jaruba la mpunga. Wazee waliwasuluhisha, wakapeana mikono, na tangu hapo kila jioni Bibi alisimama uani na ukoko wa ugali mkononi, uso ameuelekeza magharibi, anapaza sauti: "Mtachokaaa! Semeniii! Njooni mle!" Kule ng'ambo Mama Masanja anasonya mpaka tunamsikia. Mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi. Hata Mama Masanja mwenyewe nadhani alikuwa anacheka, kwa sababu mwanawe wa kwanza, Masanja, kijana wa miaka ishirini hivi, ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa mbwa wale. Alikuwa akienda porini kutafuta asali na paa wa magendo, na mbwa wa Bibi walimfuata bila kuitwa. Bibi alilalamika, "Mama mtu ananinunia, mtoto ananiibia mbwa," na jioni anamwekea yule kijana kipande cha kiazi.

Daktari alikuwa mtu mwembamba, mpole kupita kiasi, anayemwambia mbwa "samahani mzee" kabla ya kumchoma sindano. Swali lililomleta lilikuwa moja. Pori lile lina ndorobo, yule inzi anayeuma hata juu ya suruali, na mate yake yana vimelea vinavyoingia kwenye damu. Mbwa mkubwa anayeletwa na tajiri wa dhahabu kulinda ua wake kule Katoro akiumwa na ndorobo haoni mvua ya pili. Mbwa wa kienyeji kama Mtachoka wanaumwa miaka nenda rudi na wengi bado wapo. Kwa nini? Jioni, tukisubiri ugali, alikuwa anatueleza, Bibi akiwa jikoni mlango wazi. Alisema mwili una askari, na askari wale wanamjua adui kwa shati lake. Wakishajifunza shati jekundu wanawaua wote waliovaa jekundu, homa inashuka, mbwa anatikisa mkia, mwenyewe anasema kapona. Kumbe wachache walishavaa la kijani. Askari waanze upya kujifunza. Kisha la njano. Vita haiishi, tezi za shingo zinavimba, bandama inajaa, na askari waliochoka wanaanza kupiga chochote kilicho mbele yao, hata chembe za damu za kwao wenyewe. "Na jicho," alisema Daktari, "jicho ni kioo. Halivumilii vurugu. Askari wakiingia mle, kioo kinapata ukungu. Si mdudu anayempofusha mbwa. Ni watetezi wake." Bibi akajibu kutoka jikoni, "Hao askari kumbe ni kama hawa wetu," na wote watatu tukacheka. Nakumbuka tulivyocheka.

Ili aione vita ile inavyokwenda, Daktari alihitaji mbwa wasiotibiwa. Tulikuwa tunachukua damu, tunapima joto, tunapapasa tezi, basi. Bibi alikubali kwa sharti kwamba mbwa akianguka atibiwe. Mimi sikuipenda kazi ile, na sikunyamaza; nilimwambia Daktari kwamba chuoni nilifundishwa kutibu, sikufundishwa kutazama. Akanijibu kwa upole wake ule uliokuwa unaniudhi, "Tukitibu hawa leo bila kujua kinga yao inafanyaje kazi, kesho tutatibu wengine gizani." Ulikuwa ukweli. Lakini hakuna aliyefikiria, si yeye, si mimi, kwamba katika kijiji kile kuna watu wengine wanaowatazama mbwa wale na wana maelezo yao.

Masika yalipoisha Masanja alirudi kutoka kwenye machimbo ya porini, kule walikokuwa wamesikia dhahabu imetapika, akiwa na homa na kichwa kinampasuka. Mbwa wa Bibi walikuwa wameandamana naye, kama kawaida yao. Mama yake alimpeleka Katoro, akachomwa sindano za malaria, akapata nafuu, akarudi. Homa ikarudi. Akapewa dawa za taifodi. Baadaye akaanza kulala mchana kutwa kama mtu aliyelewa, anasinzia na tonge mkononi, na akiamka anaongea maneno yasiyoungana. Siku moja alimpiga mama yake kwa mwiko, kijana ambaye hakuwahi kumjibu mama yake hata kwa jicho. Na wiki zilezile Mungu Yupo akakonda, akafa usiku mmoja chini ya kihenge cha mtama kabla hatujawahi kumtibu, na macho ya Mtachoka yakaanza kugeuka, bluu kwanza kama chupa, halafu maziwa. Semeni akafuata, macho yote mawili. Mbwa wenye macho meupe, vichwa wameinua, wanamfuata Bibi kwa harufu anapokwenda kisimani. Hata mimi niliyejua sababu nilikuwa naogopa kuwatazama usoni.

Nilikuwa naoga kwenye ua wa mabua nyuma ya nyumba niliposikia wanawake wanapita na ndoo. Mmoja akasema, "Mmeyaona macho ya wale mbwa? Hawaoni, lakini wanakutazama." Mwingine akasema, "Wanaona. Anayeona ni mwenyewe kupitia kwao." Na wa tatu, sauti ya Mama Masanja, imechoka, haina hata hasira: "Aliniambia kila jioni. Mtachoka, mtachoka. Haya, nimechoka. Mwanangu naye kachoka." Nilisimama na sabuni masikioni, maji yakanikaukia mwilini. Mtu wa Shinyanga hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Sisi tunajua bibi kizee mwenye macho mekundu huwa anaitwa mchawi, na tunajua anafanywa nini, hata kama wekundu wenyewe ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe aliopikia tangu usichana. Bibi Minza macho yake yalikuwa mekundu. Na sasa ya mbwa wake yalikuwa meupe. Nilivaa nikamkimbilia, nikamweleza. Alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua kichwa. "Nimesikia tangu juzi," akasema. "Mganga kawaambia hivyohivyo. Leta ungo."

Kutoka siku ile kijiji kikamtenga. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Akisalimia "mwangaluka" asubuhi, watu wanatazama pembeni. Akifika kisimani, wanawake wanatua ndoo zao na kusubiri aondoke. Akienda kuomba kaa la moto, moto umezimika nyumba zote. Nilikuwa nakwenda kumtekea maji mimi, na watoto waliokuwa wananiamkia Bwana Mifugo wakaacha kuniamkia. Usiku Bibi alianza kulala na sufuria ya bati ameiegemeza mlangoni ili mlango ukisukumwa ipige kelele. Nilimwambia aende kwa binti yake Kahama. Akasema, "Nikiondoka nimekiri. Na njiani ni kurefu." Alijua anachosema. Mwaka wa nyuma yake kuna mama aliyefukuzwa kijiji cha jirani, akaonekana anatoka, hakuonekana anafika.

Nilikwenda kwa Daktari, aliyekuwa amepanga nyumba ya mwalimu karibu na shule, nikampigia kelele. Sitaficha, nilipiga kelele mpaka walimu wakatoka nje. Nilimwambia mbwa wale wakibaki vile Bibi atauawa, na yeye ataondoka na chupa zake za damu kwenye barafu. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akauliza, "Huyo kijana, umemshika shingo?" Tukaenda wote kwa Mama Masanja. Alitukatalia mlangoni, akasema hospitali ameshakwenda, sindano zimeisha, sasa anashughulika na wanaojua. Daktari, mzee mzima, akapiga magoti kwenye vumbi. "Mama, mimi ni daktari wa mbwa, sina haki ya kumgusa mwanao. Nakuomba tone moja la damu, uone kwa macho yako." Sijui ni magoti yale au ni uchovu. Akaturuhusu. Nyuma ya shingo ya Masanja kulikuwa na tezi mbili, ngumu kama kunde mbichi, palepale nilipokuwa nazipapasa kwa mbwa kila wiki. Tukabeba tone la damu kwenye kioo mpaka mezani kwangu, kuku akalalamika, Daktari akatazama, akanisogezea hadubini. Walikuwepo. Wembamba, wanapinda na kujinyoosha katikati ya chembe nyekundu wakizisukuma, walewale wa Mtachoka. Malale. Mama Masanja, aliyetufuata nyuma, naye alichungulia, akakaa muda mrefu jicho kwenye lenzi. Aliponyanyuka akauliza swali moja tu: "Nani amewatia humo?"

Kijana alipakiwa kwenye gari la Daktari kwenda hospitali kubwa, mama yake ameshika kichwa chake mapajani. Hapo ndipo Ntemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa jadi wa kijiji, mkulima wa pamba aitwaye Mzee Lushinge, mtu wa filimbi shingoni na hasira za karibu, alipoitisha dagashida, ule mkutano wa kijiji kizima, kwenye uwanja wa banda la kupimia pamba. Daktari alirudi akiwa hajalala, akasimama kueleza. Maskini, alieleza vizuri sana. Akasema mwili una sungusungu wake. Watu wakacheka, wakampenda. Akasema sungusungu wa mwili wanapiga mwano, lile yowe la hatari, wanatoka na mishale yao, wanapigana usiku na mchana. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema vita ikizidi wanachanganyikiwa, wanapiga hata wa nyumbani, na hivyo ndivyo jicho la mbwa linavyopofuka. Makofi yakakata. Mzee Lushinge akainuka taratibu. "Daktari, umesema sungusungu wanapofusha jicho la kwao?" "Wa mwilini, mzee." "Sungusungu wangu hawakosei." Nikajua tumekwisha. Uamuzi ukawa: tungoje. Kijana akifa, Bibi Minza ataondoka kijijini jua likiwaka. Bibi alikuwa amekaa peke yake kwenye mzani wa pamba, khanga ameibana kifuani, mbwa wake wawili vipofu miguuni. Alisema, "Nimesikia," akaondoka, nao wakamfuata.

Jioni ile Daktari aliniletea funguo za sanduku la dawa. Nilipima uzito wa kila mbwa kwa kumbeba mwenyewe juu ya mzani, maana dozi ya ng'ombe iliyokisiwa kwa jicho inaua mbwa, nikawachoma Mtachoka na Semeni, Bibi amewashika vichwa anawaimbia Kisukuma. Utafiti wa Daktari upande wa mbwa wale ukafa pale. Miaka mingi baadaye aliniambia alichokiona kwenye damu alizokwishazikusanya: mbwa waliodumu si wale wenye askari wakali zaidi. Walikuwa wale ambao askari wao walijua kutulia mapema. Alisema hivyo kwa huzuni, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu kingine.

Tulikaa tukisubiri habari za hospitali na tukitazama macho. Kila asubuhi nilimwinua Mtachoka kidevu, namgeuza kwenye mwanga wa mlango. Maziwa yakawa ukungu, ukungu ukawa moshi, na asubuhi moja nikaona mboni, nyeusi, inanitazama. Nilipiga vigelegele peke yangu uani. Jicho moja la Semeni nalo likafunguka; la pili likabaki na kovu jeupe. Niliwatembeza mbwa wale kijijini kutwa nzima, mjinga mimi, nimewafunga kamba, nawaonyesha watu: tazameni, ni sindano, ni ugonjwa tu. Watu wakatazama. Walikuwa wanatikisa vichwa kwa namna ambayo mimi niliiona ni kuelewa. Na kabla mavuno ya mpunga hayajaisha, Masanja akashuka kwenye lori la magunia, amekonda, amenyolewa, anatembea kwa fimbo, lakini akili zake kamili, anaulizia mbwa. Kijiji kizima kilitoka. Mama Masanja aligaagaa chini kwa furaha. Nikajisemea: tumeshinda.

Dagashida ya pili iliitishwa kesho yake. Mzee Lushinge alizungumza kwa upole safari hii, na upole ule ulinitisha kuliko filimbi. "Hatutaki damu," alisema. "Kijana karudi. Macho ya mbwa yamefunguka. Aliyefunga ndiye aliyefungua, tumeona wote. Mama huyu alipoona tumekaza, ameachia. Basi atuambie mbele ya watu kwamba ameacha, tumpulizie maji ya unga kama desturi, arudi kwake akae. Asipotaka kusema, hatuwezi kukaa naye." Niliruka kama niliyekalia siafu. "Ameachia nini? Mimi ndiye niliyewachoma! Ni dawa! Masanja naye ni dawa, hospitali!" Mzee Lushinge akanigeukia, wala hakukasirika. "Bwana Mifugo, dawa ni ileile kwa mbwa wote wawili?" "Ndiyo." "Sindano ni ileile?" "Ndiyo, mzee." "Sasa jicho moja la huyu limebaki kwa nini?" Jibu lilikuwepo. Kovu, mshipa, muda. Lilihitaji nusu saa na ubao. Nikafungua mdomo, watu wakaanza kunong'ona, Daktari ameinamisha kichwa, na kabla sijapata neno la kwanza Bibi Minza akasimama.

"Lile jicho nimeliacha makusudi," akasema. "La ukumbusho."

Uwanja mzima ulisogea nyuma. Hata Mzee Lushinge alirudi hatua. Bibi akaendelea, sauti ileile ya kuitia mbwa, uso ameuelekeza kwa Mama Masanja, "Wengine wote nimewaachia. Nimeacha, sitarudia. Haya, leteni maji yenu." Wakampulizia maji ya unga usoni, yakamtiririka mpaka kwenye khanga, naye amefumba macho yake mekundu. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira. Nilikuwa namchukia Mzee Lushinge, nawachukia wote, na kwa dakika ile nilimchukia na Bibi pia.

Nyumbani alisonga ugali, akaleta mlenda na dagaa. Nikasema sili. "Kula." "Bibi, umesema uongo." "Nimesema." "Mbele ya watu wote! Sasa watakuita mchawi mpaka ufe." Akaacha tonge njiani, akanitazama, na nikaona anajizuia kucheka. "Mpaka nife," akasema. "Umejisikia ulivyosema? Mpaka nife. Jana, mwanangu, nilikuwa nakufa wiki ijayo." Kisha akanawa, akaenda mlangoni, akaiondoa ile sufuria ya bati, akaipikia chai. Mwezi uliofuata kazi yetu iliisha, nikaondoka. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisimulia kisa hiki kama kisa cha kushindwa. Niliwaambia wanafunzi wangu wa mazoezi kwamba ukweli ulipimwa, ukathibitishwa, ukatembezwa kijijini kwa kamba, na bado ukatupwa.

Kwa hiyo nilikwenda msibani na uchungu wangu wa miaka yote. Nilipanda basi mpaka Ushirombo, Masanja akanipokea kwa pikipiki. Ana pikipiki zake siku hizi, na mvi. Kaburi alikuwa amelichimba yeye, kwa sababu wengine waliogopa kutia jembe la kwanza. Nilidhani nitakuta watu wachache. Nilikuta uwanja umejaa, wanawake kwa mamia, mikeka mpaka kwenye majaruba. Nikamuuliza Masanja wamefuata nini kwa mtu waliyemtenga. Akanivuta kando. "Dada, wewe uliondoka, hukuona. Tangu siku ile, mtoto akipata homa hapa, mtu haendi kwa mganga. Anakuja kwa Bibi na kuku, anapiga magoti, anamwomba amwachie. Bibi anamwambia: nimemwachia, lakini mpelekeni hospitali kabla jua halijazama, nisije nikabadili nia. Wanakimbia, dada! Wanakimbia kama wanafukuzwa. Malale, malaria, kifafa cha mimba, wote. Mama yangu mwenyewe alikimbia hivyohivyo na mjukuu." Nikamuuliza, "Na wewe unayejua, hukuwahi kuwaambia ni ndorobo?" Akachezesha funguo za pikipiki. "Niliwaambia. Walinisikiliza vizuri sana."

Tulikuwa tumeshazika, watu wanakula, niliposikia kilio kisicho cha msiba. Ilikuwa sauti ya msichana mmoja, mtoto amemfunga mgongoni, amejitupa kifudifudi kwenye udongo mbichi wa kaburi. Wenzake walimwinua, naye anasema, "Kaenda naye! Nilikuja juzi wakaniambia hawezi kuongea. Kafa hajamwachia mwanangu!" Nilimsogelea, nikaweka kiganja kwenye shingo ya yule mtoto. Moto. Macho yamegeuka juu, shingo imekakamaa. Nikamwambia, "Mama, mtoto huyu ana homa kali, apelekwe hospitali sasa hivi." Akanitazama kama ninavyotazamwa siku zote. "Hospitali watafanya nini, mama, na aliyemshika yuko humo ndani?" Nikaanza kumweleza. Nilieleza vizuri, kwa lugha nyepesi, kama Daktari. Msichana akaendelea kulia huku anatikisa kichwa, na mtoto mgongoni akaanza kutetemeka. Masanja alikuwa amesimama nyuma yake ananitazama, funguo mkononi.

Nikaacha kueleza. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hajaenda naye. Alinikabidhi mimi." Watu wakageuka, vijiko mkononi. "Nimelala nyumba yake, nimekula kwenye chungu chake, wakubwa hapa wananijua. Wa kwako nimemwachia. Lakini panda pikipiki ya Masanja mpaka hospitali, usishuke njiani, usigeuke nyuma, maana mimi si mpole kama Bibi." Msichana alipiga magoti, akanishukuru, wabeja, wabeja mayu, akaruka juu ya pikipiki, na vumbi likaenda nao.

Nilipogeuka kurudi mkekani nilipokuwa nimekaa, wanawake walikuwa wameshasogea, wameniachia mkeka mzima peke yangu.